Hesabu Iliyowekwa Wazi: Injini ya Cornwall na Wabia Wake

Watu wanapokutana kuunda chombo kipya kwa shirika, lililo zito aghalabu si kupata rai, bali ni kukata shauri rai hiyo ikizaa faida itakuwa mali ya nani; na sijaona mfano unaolibainisha jambo hilo kuliko injini ya mvuke ya Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza, ambako wachimbaji wa shaba na bati, kwa kuwa ardhi yao haikujaaliwa makaa ya mawe, walilazimika kuyaleta kwa merikebu kutoka Wales ili kuendesha pampu za kutoa maji migodini.

Hadi mwaka 1800 hataza ya James Watt ilitawala: yeye na mshirika wake Matthew Boulton walitoza theluthi ya thamani ya makaa yaliyookolewa, na fundi aliyethubutu kuugeuza mtambo alishtakiwa. Hataza ilipokwisha muda, mawakala wao wakaondoka, na matunzo ya mitambo yakalegea, mpaka Joel Lean, msimamizi wa migodi, alipoanza mwaka 1811 kutoa taarifa ya kila mwezi.

Hapo ndipo penye siri ya kazi yote. Taarifa ilitaja kila injini, fundi wake, upana wa silinda, makaa yaliyochomwa na idadi ya mapigo ya pampu, kisha yote yakakusanywa katika kipimo kimoja: ni ratili ngapi za maji zimeinuliwa futi moja kwa busheli moja ya makaa. Fundi Richard Trevithick alipojenga katika mgodi wa Wheal Prosper, mwaka 1812, injini iliyotumia mvuke wa kani kubwa, ikaufunga mapema ili utanuke wenyewe na kuisukuma pistoni, hakuikatia hataza. Waliofuata wakaichukua, wakaizidisha, na miaka ya 1820 Samuel Grose akahifadhi joto kwa kuyafunika mabomba na silinda. Injini iliyosifiwa mwanzoni kwa milioni 20 hivi ilirithiwa na ile ya mgodi wa Fowey Consols, iliyopita milioni 125 katika majaribio ya mwaka 1835. Na haya yalitendeka kabla wanazuoni hawajaafikiana joto ni kitu gani.

Mbona wenye migodi waliridhia siri zao zisomwe na jirani? Kwa sababu jirani alikuwa mbia: matajiri wa Cornwall waligawanya mitaji yao kwa hisa katika migodi mingi, hata nafuu iliyogunduliwa huku ikawa faida yao kule. Mafundi nao waliajiriwa na mgodi huu na ule, na jina jema katika taarifa ya Lean ndilo lililowapatia kazi nyingine. Kinyume chao, fundi Arthur Woolf alikuja na injini ya silinda mbili, yenye hataza ya mwaka 1804. Ilifanya vyema, lakini ilikuwa ghali na yenye mambo mengi, ikaachwa.

Hata hivyo, naona ubia huu ulikuwa na dhuluma ndani yake, maana elimu iligawanywa kwa wote ilhali hisa zilibaki kwa wenye mitaji. Trevithick aliliomba Bunge mwaka 1828 limtuze kwa makaa ambayo Cornwall iliyaokoa kwa akili yake. Hakupewa kitu, na mwaka 1833 alikufa fukara huko Dartford, akazikwa kwa mchango wa wafanyakazi wenzake.