Tahakiki ya Mwongozo wa Mashine ya Kukereza: "Marekebisho" Yapi?

Umetufikia idarani mwongozo wa kurasa chache kuhusu mashine ya kukereza inayoongozwa na kompyuta, uliotafsiriwa kutoka Kifaransa kwa ajili ya wanafunzi wa ufundi. Tumeusoma kama walimu wa lugha, tukiwa na fundi mmoja pembeni. Bila yeye tungeusifu kupita kiasi.

Tuanze na haki yake. Mtafsiri hakuona haya kutumia kitenzi chetu "kukereza", walichokuwa nacho maseremala kabla ya kompyuta. Sentensi zake ni fupi na zinasomeka.

Tatizo letu ni neno "marekebisho". Katika mashine nyingi za kukereza zenye mfumo wa Fanuc, amri T0101 ina sehemu mbili: tarakimu mbili za kwanza huita kisu namba 1, na mbili za mwisho huita safu namba 1 ya jedwali la vipimo. Humo mna vipimo vya namna mbili. Kimoja huonyesha ncha ya kisu iko wapi. Kingine ni badiliko dogo linalowekwa kisu kinapolika. Kipande kikitoka na kipenyo cha milimita 50.04 badala ya 50.00, fundi hupunguza 0.04 katika kipimo hicho cha pili, na cha kwanza hakiguswi. Kifaransa huviita "correcteurs". Mtafsiri akaandika "marekebisho" kwa vyote viwili, kisha akalirudia neno hilohilo kwa kuhariri programu. Mwanafunzi aambiwapo "fanya marekebisho", afanye yapi?

La hatari zaidi liko kwenye T0100. Mwongozo unasema amri hii "hufuta marekebisho". Haifuti kitu! Huiambia mashine iache kuyatumia. Namba zenyewe hubaki jedwalini. Anayeelewa "futa" kama tunavyofuta ubao atakwenda jedwalini kuweka sifuri, na T0101 ikiitwa tena, kisu kinaweza kugonga chuma kabla mkono haujafika kwenye kitufe cha dharura. Fundi wetu alikataa kabisa kumpa mwanafunzi ukurasa huo.

Tungependekeza "kipimo cha ncha", "kirekebishi cha ulikaji" na "acha kutumia". Wenzetu wanaoona "kirekebishi" ni neno zito wana hoja. Hata sisi hatujakubaliana. Lakini hilo la "futa" lisahihishwe kabla mwongozo haujarudufishwa tena.