Kolwezi 1961: jeti ya kujifunzia iliyotawala anga la Katanga

Fouga Magister ilibuniwa Ufaransa kwa ajili ya wanafunzi wa urubani. Viti viwili, kimoja mbele ya kingine, injini mbili ndogo za Marboré, mkia wa umbo la V. Silaha zake zilikuwa bunduki rashasha mbili puani na mabomu madogo chini ya mabawa. Katanga ya Moïse Tshombe, jimbo lililojitenga na Kongo, ilipata jeti hizo tatu mwaka 1961. Moja ikaanguka, nyingine ikakamatwa na Umoja wa Mataifa Elisabethville mwishoni mwa Agosti. Ikabaki moja tu, na maskani yake yakawa Kolwezi.

Mapigano kati ya Katanga na Umoja wa Mataifa yalipozuka Septemba 13, jeti hiyo iliwashambulia askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Ayalandi waliozingirwa Jadotville, ikaharibu ndege za uchukuzi zilizoegeshwa Elisabethville na kuisumbua kambi ya Kamina. Wengi husifu ujasiri wa mamluki walioirusha. Mimi nasema shika ramani kwanza. Toka Kolwezi hadi Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 240. Kamina ni karibu umbali huohuo. Likasi, yaani Jadotville, ni kama 135. Kila shabaha ilikuwa nusu saa au pungufu, na mafuta ya kurudia yalitosha. Uwanja uko juu, takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi huzipunguzia injini nguvu, lakini kwa mzigo mdogo kama ule haikuwa shida kubwa. Zaidi ya yote, Umoja wa Mataifa haukuwa na ndege hata moja ya kivita nchini. Kwa asiye na mpinzani, hata ndege ya shule inatosha.

Hofu yake ilifika mbali kuliko risasi zake. Usiku wa Septemba 17, ndege ya Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld ilikwenda Ndola, Zambia ya leo, ikizunguka mbali upande wa mashariki, redio kimya, ili kuikwepa jeti hiyo. Ilianguka karibu na Ndola, na ubishi juu ya chanzo haujaisha.

Oktoba hali ikageuka. Sweden ilileta J 29, ndege nene zilizopewa jina la pipa, India ikaleta Canberra, Ethiopia ikaleta Sabre. Vita viliporudi Desemba, Canberra zikaupiga uwanja wa Kolwezi. Katanga haikukata tamaa: mwaka 1962 ilikusanya upya ndege, zikiwemo Harvard za pangaboi. Nazo ni za kujifunzia!

Hapo kamera ikashika kazi. Wasweden walileta S 29C mbili, ambazo hazikuwa na mizinga bali kamera. Ndege ya aina hii hupita ikiwa imenyooka, picha zikipandana, ili msomaji wa picha akizitazama mbili kwa pamoja aone kina na kimo. Anachosoma sana ni kivuli. Mkia wa V na mkia wa kawaida, vikitazamwa toka juu, vinaweza kufanana. Vivuli vyao havifanani. Lakini Desemba jua la mchana huku kwetu huwa karibu utosini, kivuli hujificha chini ya tumbo la ndege, na alasiri mawingu ya mvua hufunga kila kitu. Asubuhi ndiyo saa ya kazi. Ndege ikisukumwa porini, tairi huacha alama kwenye majani, na mapipa ya mafuta huisaliti. Katika kutafuta njia, rubani hakuwa na taabu: nchi ya migodi haifichiki, na hata leo ukitazama picha ya Kolwezi toka juu, migodi huonekana kabla hujaona mitaa.

Desemba 29, 1962, J 29 zilikuja Kolwezi zikijua pa kupiga. Sehemu kubwa ya jeshi la anga la Katanga iliteketezwa ikiwa chini. Januari 21, 1963, askari wa Umoja wa Mataifa waliingia mjini bila kupigana.