Jumapili za Profesa Cole

Zidisha 2 kwa yenyewe mpaka zitimie mbili 67, kisha toa 1. Utapata 147573952589676412927. Mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, aliitaja namba hii mwaka 1644 miongoni mwa namba tasa, na zikapita zaidi ya karne mbili kabla ya Édouard Lucas kuonyesha, mwaka 1876, kwamba si tasa. Ajabu ni kuwa hakutoa kigawo hata kimoja. Njia yake ilifichua kwamba namba inagawanyika, ikanyamaza juu ya inagawanyika kwa ngapi.

Kwa werevu, Lucas ndiye bingwa. Sifa zangu lakini nampa Frank Nelson Cole, profesa wa Columbia, New York, aliyekubali kuvitafuta vigawo vyenyewe kwa kalamu na karatasi.

Kazi hiyo haiendi kwa kubahatisha. Mwanahisabati Fermat alishagundua kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 134, lazima kibakize 1. Wa baada yake wakaongeza: ukikigawa kwa 8, kibakize 1 au 7. Kwa masharti hayo mawili tu, namba zisizohesabika zimekwisha kupepetwa kama pumba. Hata hivyo, anayepima zilizobaki moja moja kuanzia chini atapitia zaidi ya laki saba kabla ya kufika kwenye ile sahihi, na kila moja inadai kugawanya tarakimu 21. Cole akapepeta zaidi, kwa kuchunguza mabaki ya namba za mraba. Hapa ndipo ninapoiona sanaa: fundi anapunguza pa kutafuta, halafu ndipo anatafuta.

Oktoba 1903, mbele ya Chama cha Hisabati cha Marekani, alikokotoa namba ile ubaoni, kisha pembeni akazidisha 193707721 kwa 761838257287. Majibu yakalingana. Mwandishi E. T. Bell anasimulia kwamba Cole hakutamka neno, ukumbi ukalipuka kwa makofi, na kwamba baadaye alieleza kuwa kazi ilimlia Jumapili za miaka mitatu. Bell alipenda kunogesha hadithi, kwa hiyo namwamini nusu. Vile vigawo havihitaji shahidi.

Kompyuta ya leo huvipata kufumba na kufumbua. Lakini ipe namba ya tarakimu mia kadhaa, iliyozaliwa na namba tasa mbili kubwa zilizochaguliwa vizuri, nayo itakwama. Juu ya ugumu huo Rivest, Shamir na Adleman walijenga mwaka 1977 njia yao ya kuficha ujumbe.

Kuhakiki vigawo vya Cole ndiko rahisi. Jumlisha tarakimu za kigawo cha kwanza: 37, kisha 10, kisha 1. Cha pili: 64, kisha 10, kisha 1. Moja mara moja ni moja, na namba yenyewe inatoa 109, 10, 1. Huo si uthibitisho, ni dalili njema tu. Anayetaka uhakika azidishe mwenyewe, na ukurasa mmoja wa daftari utamtosha.