Nyumba ya Mawe, Nyumba ya Nyasi

Kwetu Mutomo, nyumba ya zamani niliyoijua ni ya susu, nyanya yangu: miti, udongo, nyasi juu. Alipofariki tuliiacha. Misimu michache ya mvua ikapita, ikarudi kuwa shamba. Ndiyo maana nilipoingia ile nyumba ya Kiswahili ya karne ya 18 kule Lamu, inayotunzwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, kitu cha kwanza nilichohisi ni wivu.

Tuipe haki yake kwanza. Hii nyumba ina akili. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene, joto linabaki nje. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na kwa sababu boriti hazina urefu mkubwa, vyumba ni vyembamba kama korido, ila vinaenda mbali. Vimepangwa kimoja nyuma ya kingine: kutoka kiwanda, ule uwanja usio na paa, unapita msana wa tini, msana wa yuu, halafu ndani. Kila ukisonga, sakafu inapanda kidogo na faragha inaongezeka. Mgeni tu wa kupita aliishia dakani, pale mlangoni. Huko ndani kabisa kuna zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyochongwa safu kwa safu, mahali pa kupanga vyombo vya kauri kutoka China. Kusema ukweli, ni ukurasa wa Insta wa karne ya 18.

Na sisi, bila shaka, simu zote tunaelekeza hapo. Lakini nani alichoma ile chokaa? Nani aliteka maji? Waungwana wa Lamu walikuwa na watumwa. Kwenye nyumba za ghorofa, mabwana walikaa juu, watumwa chini. Utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907 tu. Mji Mkongwe wa Lamu uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na kilichobeba sifa hiyo ni mawe. Maskini aliyejenga kwa udongo na makuti hakuacha ukuta wa kuorodheshwa.

Sisi wa bara pia tumo kwenye hadithi hii. Pembe za ndovu zilitajirisha miji ya pwani, na karne ya 19 misafara ya Wakamba ilizishusha hadi Mombasa. Kwa hivyo siwezi kuisoma nyumba ya tajiri wa pwani kama mtalii asiyehusika.

Sisemi tuache kuihifadhi, hapana. Nasema ukienda, usikimbilie zidaka. Simama kwanza kiwandani, uangalie mlango kwa macho ya mtu aliyeingia na mtungi kichwani.

Niliporudi nyumbani nilienda pale kwa susu. Ukuta hakuna. Ila mafiga yake matatu bado yako, meusi upande mmoja. Nikayapiga picha, halafu nikamuuliza mama ni nani aliyeyaleta kutoka mtoni.