Wimbo wa Marehemu Kinywani mwa Aliye Hai

Miongoni mwa sanaa zidharauliwazo na wahakiki imo ile ya bendi isiyokuwa na nyimbo zake yenyewe, ambayo kazi yake ni kupiga jukwaani nyimbo za bendi iliyovunjika au za waimbaji waliofariki. Husemwa kwamba kazi hiyo ni mwangwi, na mwangwi hauna fahari. Makala haya yakusudia kuipima hukumu hiyo.

Desturi yenyewe imeenea duniani. Huko Uingereza, The Bootleg Beatles waliwaiga The Beatles tangu 1980. Na The Australian Pink Floyd Show, iliyoanza Adelaide mwaka 1988, ilipata kupiga mbele ya David Gilmour mwenyewe aliposherehekea miaka hamsini ya umri wake mwaka 1996. Wala sisi hatuko mbali na habari hii, maana Freddie Mercury wa Queen, aigwaye kwa masharubu na kwa mwendo katika miji mingi, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Lakini katika maonyesho ya namna hiyo aghalabu jicho hutangulia sikio: mavazi, nywele na taa hufanywa mashahidi wa ukweli.

Kwetu mambo ni mengine. Bendi zipigazo nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki 1979, au za Marijani Rajabu, aliyefariki 1995, hazina haja ya nguo za marehemu. Zatakiwa sauti na gitaa. Nyimbo hizo twaziita zilipendwa, na jina hili lastahili kuchunguzwa kabla ya nyimbo zenyewe. Ni kitenzi kilichogeuka kuwa jina. Kina wakati uliopita, na kiko katika kauli ya kutendwa pasipo mtenda kutajwa. Wakati uliopita wadai kwamba mapenzi yamekwisha, na ukumbi uliojaa watu wakanusha. Kutotajwa kwa mtenda kwawaficha waliopenda, na aliyetunga hayumo kabisa. Jambo la kwanza ni udhaifu wa jina tu. La pili laelekea dhuluma, nasi tutalirudia.

Nyahanga, katika mji wa Kahama, ni mahali pafaapo kuipima sanaa hii. Migodi mikubwa ya dhahabu ya Bulyanhulu, iliyofunguliwa 2001, na ya Buzwagi, iliyofunguliwa 2009, ilivuta watu wa kila upande. Katika ukumbi mmoja hukaa Msumbwa, Mnyamwezi, Msukuma, Muha na mtu wa pwani. Hukaa mzee aliyeucheza wimbo ulipokuwa mpya, na kijana aujuaye kwa kusimuliwa. Niliisikiliza huko bendi moja usiku mmoja. Katika sehemu ya kwanza ilifuata kanda za zamani sauti kwa sauti, hata vituo vya pumzi vya mwimbaji. Watu walikaa wakasikiliza kwa heshima, kama wasikilizavyo wasifu wa marehemu. Baadaye, bendi ilipofika kwenye chemko, yaani sehemu ambapo mwendo huharakishwa na magitaa huachiwa uwanja, mpiga solo aliiacha njia ya kanda. Akaongeza mafungu yake mwenyewe, ridhimu ikamuuliza, naye akajibu. Hapo wazee ndio walioinuka kwanza kucheza.

Sababu yake si ngumu kuiona. Nyimbo hizi twazijua kwa kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam na kwa santuri ndogo ambazo mara nyingi ziliukata wimbo pande mbili. Santuri hupima wimbo kwa dakika. Ukumbi huupima kwa miguu ya wachezaji. Mbaraka alipopiga mbele ya watu hakufungwa na dakika zile. Basi anakiliye kanda kwa ukamilifu hainakili sanaa ya Mbaraka, bali anakili mipaka ya chombo kilichoihifadhi. Wazee wale walikumbuka dansi, na dansi haikupata kuwamo yote katika santuri.

Ushairi wetu una kipimo cha jambo hili tangu kale. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipoutwaa wimbo wa Liyongo na kuufanyia takhmisi, hakuunakili wala hakuufuta. Alitanguliza mistari yake mitatu mbele ya miwili ya yule wa kale, akaviandama vina vyake. Ya kale yabaki mizima, na mtunzi mpya aonekana. Mpiga solo wa Nyahanga alifanya takhmisi kwa nyuzi. Wasukuma nao wana kipimo chao: katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, mshindi hujulikana kwa wingi wa watazamaji awavutao. Kipimo hicho ni kikali na cha haki, ila peke yake hakitoshi, kwani umati huweza kuvutwa hata na kelele.

Hapa ndipo sifa yangu kwa bendi ile ifikapo mwisho. Usiku kucha hakutajwa mtunzi hata mmoja. Kila wimbo ulitangazwa kuwa wa zamani, basi. Asiyekuwepo na lake halipo. Sheria ya Hakimiliki ya 1999, iliyoleta COSOTA, yampa mtunzi haki ya kutajwa na ya kulipwa, na warithi wake baada yake. Lakini hata kabla ya sheria adabu ya takhmisi ilikwisha kuamua, kwani Liyongo hakupotea jina ndani ya kazi ya Sayyid Abdallah.

Bendi ya wazee iliyoundwa nchini katika miaka ya 1990 ilijiita Shikamoo Jazz. Jina hilo ni uhakiki mzuri kuliko wetu, maana salamu ya heshima huwa na mwenyewe wa kuipokea. Bendi ipigayo wimbo wa marehemu kwa ustadi, ikauongeza kwa kiasi na kumtaja mtunzi wake mbele ya watu, yastahili kuhesabiwa katika sanaa. Inyamazayo jina la mtunzi, hata ikipiga vizuri namna gani, yala urithi wa mtu mwingine.