Picha ya Kalulu: Je, Kazi ya Kamera ni Sanaa?

Liko swali la zamani ambalo wahakiki hawajaacha kuulizana: je, picha ya kamera ni sanaa, au ni kazi ya mtambo tu? Wanaokataa husema kwamba mchoraji hufikiri kwa mkono wake, bali mpiga picha hufungua jicho la kamera, na nuru humfanyia yaliyobaki. Charles Baudelaire, mshairi wa Ufaransa, aliandika mwaka 1859 kwamba wajibu wa upigaji picha ni kuzitumikia elimu na sanaa. Nafasi ya sanaa yenyewe hakuipa.

Hoja hii yaweza kupimwa kwa picha moja iliyozaliwa na njia yetu ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani ikapita Tabora mpaka Ujiji. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Unyanyembe, akijitayarisha kwenda kumtafuta Dakta Livingstone. Huko alipewa zawadi na mfanyabiashara Mwarabu, na zawadi yenyewe ilikuwa mtoto mtumwa. Stanley akambadili jina, akamwita Kalulu, akasafiri naye mpaka Ujiji, na baadaye Uingereza. Mwaka 1872 wawili hao walipigwa picha London na kampuni ya London Stereoscopic, na nakala zikauzwa kwa watu. Stanley amesimama katika mavazi ya safari, ana bunduki. Kalulu yuko pamoja naye katika nafasi ya mtumishi. Nyuma yao ni mandhari ya kuchorwa.

Asiyejua hudhani kwamba anaitazama Afrika, kumbe anatazama chumba cha London. Makutano ya Ujiji yenyewe hayakupigwa picha na kamera yoyote. Hapa hoja ya Baudelaire yalegea. Kama kamera ingekuwa mwenye kunakili tu, ingenakili chumba kile na mtaa uliokuwa nje yake. Lakini mtu alichagua mavazi, alichagua pazia, alichagua nani awe bwana na nani awe mtumishi, kama mtunzi achaguavyo vina na mizani. Mwaka 1884 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya picha ya Oscar Wilde iliyopigwa na Napoleon Sarony, iliamua kwamba picha ile ilikuwa na mtunzi wake, kwa sababu mpiga picha aliyapanga mavazi, mkao na nuru. Kwa kipimo hicho, picha ya Kalulu ni utungo pasipo shaka.

Lakini msomaji asidhani kwamba kuiita sanaa ni kuitukuza. Kwa hakika ni kuivua ngao yake. Picha ikijiita shahidi, watu huiamini. Ikikubali kuwa ni utungo, yapasa kuulizwa kama tunavyouliza mashairi ya sifa: nani anasifiwa, na nani amenyamazishwa ili sifa zienee? Ukiuliza hivyo, utaona upungufu mkubwa. Stanley asingefika popote pasipo wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo, na akina kirangozi waliotangulia mbele kuongoza njia. Katika picha hawamo. Safari ya watu wengi imegeuzwa kuwa ushujaa wa mtu mmoja na mtoto wake wa kumtumikia.

Pengine nitaulizwa: ikiwa yote yamepangwa, Kalulu mwenyewe amebakiwa na nini? Nadhani amebakiwa na uso wake. Mchoraji angeweza kumtungia macho yoyote. Kamera ililazimika kupokea yale aliyokuwa nayo siku ile. Pazia ni la uongo, lakini uso si wa uongo. Jambo hili si dogo. Tippu Tip, ambaye baba yake alikaa Tabora, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, nasi twaweza kuyalinganisha maneno yake na picha zake. Kalulu hakupata nafasi hiyo. Mwaka 1873 Stanley alitoa riwaya yenye jina lake, na mwaka 1877 mtoto huyo alikufa katika maporomoko ya Mto Kongo. Aliyemwandikia hadithi ndiye aliyempa jina.

Basi kazi ya kamera ni sanaa, lakini ni sanaa yenye watu wawili: anayepanga na anayepangwa, na wa pili hashindwi kabisa. Mtu wa Lusu, huko Nzega, aliyetundika ukutani picha ya marehemu mzazi wake aliyepigwa mbele ya pazia la maua, halitazami pazia. Anautafuta uso wa mzazi wake. Sisi wanafunzi wa fasihi tunapokutana na Kalulu katika vitabu vya historia, tumtazame kwa namna hiyo. Kisha tulirudie lile pazia, tuulize ni nani aliyelitundika.