Mama na Binti Zake Wawili: Juu ya Sinema ya "Queen of Katwe"

Sinema za Wazungu zina desturi yake katika kuonyesha mimba. Mwanamke hutapika asubuhi, mumewe hushangaa. Mara miezi imepita, gari linakwenda mbio hospitalini, mama anapiga kelele, na mtoto anatokea safi, amefungwa nguo nyeupe. Watazamaji hucheka, au hulia kidogo, na mambo yamekwisha. Nyanya hayupo, shangazi hayupo, wala jirani aletaye uji na kuni. Mimba imekuwa jambo la mtu mmoja na moyo wake.

Tena tazameni "Juno", sinema ya Marekani ya mwaka 2007. Msichana wa shule apata mimba, naye ajitafutia mwenyewe mtu wa kumlea mtoto. Baba yake na mama wa kambo wamsaidia, naye aendelea kwenda darasani, tumbo likiwa mbele yake. Mtazamaji wa huku Buganguzi hushangaa hasa kwa jambo hili la darasa. Kwetu mambo hayakuwa hivyo. Kwa miaka mingi msichana wa shule ya serikali akipata mimba alifukuzwa, wala hakuruhusiwa kurudi. Hata tarehe 24 Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba waliokatiza masomo, pamoja na waliokwisha kujifungua, waweza kurudi shuleni. Basi sinema ya namna ile yatupendeza kama habari za nchi ya mbali, lakini haitugusi.

Iko nyingine itugusayo, kwa kuwa mambo yake yalitokea ng'ambo ya mpaka wetu, katika mji wa Kampala. Ni "Queen of Katwe", iliyotengenezwa na kampuni ya Disney mwaka 2016, chini ya Mira Nair, mama aliyezaliwa Uhindi na kukaa Uganda miaka mingi. Ni habari ya Phiona Mutesi, msichana maskini wa mtaa wa Katwe, aliyefundishwa sataranji na mwalimu Robert Katende, aliyekuwa akifanya kazi ya Kikristo kwa watoto wa mitaa ile. Phiona aliendelea hata akaichezea Uganda katika mashindano ya dunia. Wengi huisifu sinema hii kwa ajili ya sataranji. Sisi twaona kwamba kiini chake ni mama, Harriet, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o. Nasi twasema juu ya sinema, si juu ya jamaa yenyewe.

Harriet ni mjane mwenye watoto na hana kitu. Angaliweza kupata chakula na kodi ya nyumba kwa kukubali kuwekwa na mwanamume, lakini akataa. Auza vitambaa vyake ili mtoto apate mafuta ya taa ya kusomea usiku. Hapa twamwona mama kama tumjuavyo: hasemi sana juu ya upendo, upendo wake ni mafuta katika taa. Tena ni mkali, naye huogopa, na hofu yake ina sababu. Katika hayo sinema hii yawashinda wenzake wengi, na twawashukuru walioitengeneza.

Lakini Harriet ana binti wawili. Yule mkubwa, Night, aondoka nyumbani kumfuata kijana mwenye pikipiki. Mama ahuzunika na kukasirika. Kisha Night arudi ana mimba, na yule kijana hayupo tena. Mama ampokea. Twalihesabu jambo hili kuwa kubwa kuliko ushindi wote wa sataranji, kwa maana mshindi hupokewa na kila mtu, bali aliyeanguka hupokewa na mama tu.

Na hapo ndipo lawama yetu. Night amewekwa katika hadithi ili awe onyo kwa mdogo wake. Mtazamaji ayatazama maisha yake na kuambiwa: Phiona asiwe hivi. Onyo likiisha kutolewa, hadithi yaenda mbio pamoja na Phiona, nasi hatuulizwi tena Night atasoma wapi, wala atafanya kazi gani. Yule wa pikipiki naye apita kama upepo, wala hakuna amwitaye ajibu. Hivyo sinema yenye mama mzuri namna hii yatufundisha, bila kukusudia, kwamba binti ni wa namna mbili: wa kuinuliwa, na wa kuonyeshwa kwa kidole.

Asiseme mtu kwamba ubaya huu tumeletewa na Wazungu. Katika ziwa Bunyonyi, Uganda, kiko kisiwa kidogo kiitwacho Akampene. Zamani Wakiga walikuwa wakiwaacha huko wasichana waliopata mimba kabla ya kuolewa, wafe kwa njaa au kwa maji. Desturi ile ilikoma katika karne ya 20. Hata hivyo visiwa bado viko, navyo havina maji pande zote. Binti asiyesemeshwa nyumbani yuko kisiwani. Binti atengwaye kanisani, na huku kijana aliyempa mimba yumo katika kwaya akiimba, yuko kisiwani vilevile.

Basi twawashauri wazazi waitazame sinema hii pamoja na watoto wao, wavulana na wasichana. Ikiisha, wasiulize tu jinsi Phiona alivyoshinda; waulize pia habari za Night na mtoto wake, na habari za yule kijana. Serikali yaweza kufungua mlango wa shule, nayo imekwisha kuufungua. Mlango wa nyumba hauna waziri. Ufunguo wake uko mkononi mwa baba na mama.